Harusi Mbili za Salha wa Bidiya

Wanangu, wiki iliyopita nilialikwa harusini hapa Ibra, nikakaa kiti cha nyuma karibu na mlango wa jiko, mahali pazuri kwa bibi ambaye hatakiwi tena kufanya kazi. Wapiga picha walikuwa wawili, wasichana, mmoja wenu anajijua. Kabla biharusi hajakaa sawasawa kamera ilikuwa imekwisha kulia mara mia na ushee, nikaacha kuhesabu. Baadaye yule msichana akaja kunisalimu, shikamoo bibi, marahaba, akaniuliza enzi zetu tulikuwa tukipiga ngapi. Nikamwambia thelathini na sita. Akatoa simu akangoja nimtajie tarakimu zilizobaki.

Basi kaeni nikusimulieni. Nimepiga picha katika mji huu miaka thelathini na tisa, na nikisema nilikuwa hodari tangu mwanzo mtajua naongopa, kwa sababu bado wako watu Bidiya wakiniona hawanipi salamu kwanza. Wananiuliza, "Kinazunguka?" Halafu wanacheka mpaka wanashika ukuta. Nitafika huko.

Mimi kazi hii sikuichagua. Ami Nassor, ndugu yake baba, alikuwa na studio Mkunazini, Unguja, na tulipohamia Oman akafungua nyingine hapa, chumba kimoja tu karibu na soko. Wakati ule kila mtu alikuwa anatakiwa awe na paspoti, na wanaume walikuja kwa foleni. Wanawake hawakuja. Hawakutaka mwanamme asimame mbele yao awaambie geuza uso, inua shingo. Ami Nassor akaja nyumbani akamwambia mama anahitaji mwanamke asiyeogopa kiza na asiyechoka kusimama. Mama akanitazama mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza skuli, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuchambua mchele na kubishana na kaka zangu. Kesho yake nikawa mpiga picha.

Kamera niliyopewa ilikuwa na kidirisha cha kuangalilia pembeni ya lenzi, si kama hizi zenu. Maana yake unaweza kumuona mtu vizuri kabisa, ukamkalisha, ukamtengeneza ushungi, ukampiga, na kifuniko cha lenzi kimekaa pale pale. Jumatano ya kwanza, wanawake walipotoka kwenye soko lao, nilipiga watu tisa namna hiyo. Wa kumi alikuwa bibi mmoja muuza bizari. Akaninyooshea kidole akasema kitu kwa Kiarabu. Kiarabu changu siku zile kilikuwa cha chuoni, cha kusomea msahafu, cha sokoni sikuwa nacho, nikadhani ananisifu. Nikamwambia shukran. Yule bibi akanyanyuka, akaja mpaka nilipo, akakibandua kifuniko kwa mkono wake, akanitia kiganjani, akarudi kukaa na kutazama mbele kama hakuna lililotokea.

Na kwa kuwa sikujua kuwaambia la kufanya, niliwaonyesha kwa uso wangu. Nikawa nakaa mkao niutakao na wao wanauiga. Sasa mimi, kama mnavyoniona, nina tabia ya kuinua kidevu. Miezi mitatu baadaye karani mmoja alimuuliza Ami Nassor kwa nini wanawake wote wa Ibra wana kiburi kwenye paspoti.

Chumba cha giza ndicho kilichonifunza kazi. Kamera anaweza kuishika yeyote, lakini kusafisha picha kunataka moyo. Dawa inataka ubaridi, na hapa kwetu mwezi wa sita maji ya bomba yanatoka tayari kwa chai. Ukiyatumia, picha inayeyuka kama samli. Ami Nassor akapatana na muuza samaki aliyekuwa akipokea magari kutoka Sur, atuwekee barafu inayobaki. Tukaweka bakuli la dawa ndani ya karai la barafu, na picha zikatoka safi, nyeusi yake nyeusi na nyeupe yake nyeupe, ila zilinuka nguru. Bwana mmoja alirudi na bahasha yake akatuuliza kwa adabu kama ametupa oda ya picha au ya papa mkavu.

Saa ya kuwaka gizani hatukuwa nayo. Ami Nassor alipima muda kwa hadithi. Alikuwa na hadithi moja ya punda aliyegoma njiani, na alinisimulia hiyo hiyo kila siku katika kile kiza chenye taa nyekundu. Punda akifika kisimani, tikisa bakuli. Akimtupa bwana wake matopeni, toa karatasi. Taabu yake ni kuwa Ami alikuwa msimulizi kweli. Siku akiwa na furaha alimuongezea punda maneno, akamuongezea na jirani wa punda, na mimi nikicheka nikasahau, na picha zikatoka nyeusi tititi. Nikajifunza kumwambia, kwa heshima zote, Ami, leo punda aende moja kwa moja.

Kifundo sasa. Kila kamera ya filamu ina kifundo juu, upande wa kushoto, cha kurudishia filamu kwenye mkebe wake ikimalizika. Ukivuta filamu mbele, kifundo kile kinazunguka chenyewe. Kikizunguka, filamu inakwenda. Kisipozunguka, filamu haijashika, na wewe unapiga hewa. Ami Nassor aliniambia haya siku ya kwanza. Aliniambia na siku ya pili. Mimi nilikuwa nikiitikia ndiyo, na huku natazama kama ushungi wangu umekaa vizuri.

Nilipotimiza mwaka na nusu kazini nikaitwa Bidiya, harusi ya msichana anayeitwa Salha. Baba yake alikuwa amemleta Oman akiwa na miaka minane, akamuacha mama wa msichana, Bi Raya, kule Unguja. Hawakugombana. Bi Raya alikuwa na mama kipofu ambaye hana mtu mwingine, na bibi yule alisema atazikwa pale alipozaliwa, basi Bi Raya akabaki naye. Miaka kumi na mbili mama na mtoto hawajaonana. Harusi imefika na mama hawezi kuja. Ikaamuliwa picha ndizo ziende. Binamu mmoja wa ukoo alikuwa na safari ya Unguja Jumamosi ya wiki ya pili yake, naye ndiye atakayezibeba. Picha za rangi ilikuwa lazima zipelekwe Matrah na zilichukua wiki mbili, kwa hiyo nikaambiwa nipige nyeusi na nyeupe, tusafishe wenyewe.

Nilipiga, wanangu. Nilipiga hina, nilipiga kuvishwa dhahabu, nilipiga shangazi wanane wamesimama kwa urefu wao. Bibi yake Salha mzaa baba, Bi Zeyana, alikaa katikati ya ukumbi kama kadhi, na nilimpiga peke yake mara mbili kwa woga. Nilipofika thelathini na sita, ambapo filamu huisha, nikavuta, kamera ikakubali. Thelathini na saba, ikakubali. Nikafika arubaini na moja. Niliona leo mkono wangu una baraka. Njia nzima ya kurudi Ibra nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba kuna watu Mungu huwazidishia.

Ami Nassor ndiye aliyeirudisha ile filamu kwenye mkebe wake. Kifundo kikazunguka nusu mzunguko kikawa chepesi. Akaacha. Akaniuliza nimepiga ngapi. Nikamwambia kwa fahari arubaini na moja. Akaifungua kamera pale pale mbele ya dirisha, jua lote linaingia, na mimi nikapiga yowe kwamba ataziunguza. Filamu ilikuwa imelala vile vile nilivyoilaza mimi asubuhi ya harusi, ulimi wake nje, haijasogea hata unywele.

Ami Nassor akauinua ule ulimi kwa kidole. "Rukia," akasema, "harusi hii waliipiga malaika peke yao. Wao ndio wenye nakala."

Nililia. Nilimuomba aende yeye akawaambie, yeye ni mtu mzima, watamstahi. Akakataa kata kata. Alisema mkono uliotia filamu ndio utakaobisha mlango. Lakini alinipeleka kwa gari.

Tulimkuta Bi Zeyana barazani na kahawa yake. Nilimbusu mkono, nikamwambia yote, na kifundo nikamwambia, na ile arubaini na moja nikamwambia. Salha alikuwa amesimama mlangoni na hina yake ingali nyekundu. Alikaa chini tu pale kizingitini akajifunika uso kwa mtandio, na nilijua halii picha, anamlilia mama yake. Ningependa wakati ule aridhi inimeze mimi na kamera.

Bi Zeyana akazungusha kikombe.

"Na mimi pia sikutoka?" akauliza.

"Hata wewe, bibi."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Alhamdulillahi," akasema. "Siku ile jino lilikuwa likiniuma, nikajua nitatoka kama jini. Salha, inuka ukaoshe uso. Unaolewa tena Jumanne."

Ndivyo ilivyokuwa. Leo ni Jumapili, harusi ni Jumanne, binamu anaondoka Jumamosi. Khalfan, bwana harusi, alitafutwa shambani akaambiwa arudi kuoa. Akauliza ni kwa nani. Akaambiwa kwa mkeo. Akasema hana pingamizi.

Taabu ilikuwa vitu. Guo la biharusi, la kijani, lilikuwa la kuazima na limekwisha rudi kwa mwenyewe Maskati. Shangazi Thureya, dada wa baba yake Salha, mwanamke mwenye mikono minene na akili nyepesi, akatazama huku, akatazama kule, akaenda akateremsha pazia la ukumbini, hariri nzito yenye maua. Lilikuwa rangi ya dengu, lakini mimi nikamwambia, kwenye nyeusi na nyeupe dengu na kijani ni ndugu. Akambana Salha kwa pini hamsini toka shingoni hadi miguuni, na onyo kwamba asipumue kwa tumbo. Wageni walikuwa wamekwenda zao Sur na Nizwa, kwa hiyo tukakusanya majirani tukawavika. Hawakutosha. Shangazi Thureya akapigwa akiwa na baibui upande wa kulia, akavua akawa na leso ya zari upande wa kushoto, akavaa miwani ya Ami Nassor akawa mgeni kutoka Maskati. Chakula kilikwisha liwa siku nyingi. Tukapanga masufuria makubwa matupu, yakafunikwa vizuri, na sahani moja ya halua ikawa inatangulia kila mahali nilipokwenda.

Bi Zeyana hakuniamini tena, na alikuwa na haki. Alihamishia kiti chake nyuma ya mgongo wangu, akakitolea macho kile kifundo. Kila nilipovuta filamu akauliza, "Kinazunguka?" Namjibu, "Kinazunguka, bibi." Picha ya pili, kinazunguka? Kinazunguka, bibi. Ilipofika ya tano walikuwa wakiitikia wote, ukumbi mzima, wanawake thelathini kwa sauti moja kama skuli.

Sasa mnajua biharusi wa Kiunguja anavyotakiwa awe. Kichwa chini, macho chini, huzuni kidogo ya kuacha kwao. Salha siku ya kwanza alikuwa hivyo hivyo, sanamu. Leo ameshakaa na mumewe siku tano, amevaa pazia, shangazi yake anapita mara ya tatu na miwani ya mwanamme, na bibi yake anauliza kifundo. Akaanza kutikisika mabega. Bi Zeyana akamwambia biharusi hacheki, inamisha kichwa. Akainamisha, pini moja ikamchoma, akaruka. Akaletwa Khalfan akae ubavuni pake, naye akajitahidi sana kuwa na haiba, kisha katikati ya ukimya, mimi nimeshabana pumzi, akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini ile bakora yake ameiweka wapi, tangu asubuhi haioni.

Hapo harusi ikavunjika. Salha alicheka mpaka taji likamwendea sikioni. Shangazi Thureya alikaa chini. Ami Nassor aliyekuwa nje ya mlango akingoja miwani yake nilimsikia anakohoa kwa cheko. Na mimi nitakwambieni siri moja ya kazi kwa bure. Ukicheka, usipige. Bana viwiko kwenye mbavu, toa pumzi yote, na katika kile kituo kidogo kabla hujavuta nyingine, ndipo ubonyeze. Nilibana, nikatoa, nikabonyeza. Sikuwa na picha hata moja ya biharusi mwenye huzuni. Katika zile thelathini na sita, zote alizomo anacheka, na nyingine meno ya nyuma yanaonekana.

Tulizisafisha Jumatano na barafu ya nguru, punda akaenda moja kwa moja. Nilisimama juu ya bakuli mpaka nilipouona uso wa kwanza unatokeza kwenye karatasi ndani ya dawa, kwanza nyusi, halafu macho, halafu hayo meno. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Ami Nassor akasema zina kasoro moja, biharusi anaonekana kama ameshinda bahati nasibu. Akaniuliza kama nina hakika nataka kumpelekea mama mtu. Nikamwambia sina nyingine.

Binamu akaenda nazo. Wiki sita hatukusikia lolote, kisha ikaja kaseti. Siku zile watu hawakuandika sana, walisema ndani ya kaseti wakampa msafiri. Nikaitwa Bidiya kuisikiliza, nikaenda kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Tulikaa kitako wote, redio katikati, na Bi Raya akaanza kusema. Alitoa salamu za kila mtu kwa jina, zikachukua upande mzima wa kwanza. Kaseti ikageuzwa.

"Picha nimezipata," ile sauti ikasema. "Nimemsomea mama moja moja, maana yeye haoni. Mwambieni Thureya nimemhesabu mara tatu, na miwani haimpendezi. Na ile nguo ina vishikizo vya pazia, sijui Oman mna mitindo gani. Na masufuria hayo hayatoi mvuke." Hapa tukasikia kaseti inakwaruza. "Lakini mwanangu anacheka. Mama ameniuliza, anacheka kweli au anacheka kwa ajili ya picha? Nimemwambia kweli, mama, nayajua meno yake. Basi tumelala usingizi."

Bi Zeyana alizima redio, akasema mvuke angeuona wapi, picha haina harufu wala moto, huyu mwanamke mjuaji. Halafu akairudisha kaseti nyuma akaiwasha tena pale pale penye lile neno la kucheka.

Niliendelea na kazi, na kwa miaka kila mama mwenye biharusi aliyekuja studio alisema anataka picha mbili za huzuni kwa ajili ya heshima, na zilizobaki kama zile za Salha. Niliharibu mengi mengine ambayo sina nafasi ya kuyataja leo, na mapya yakaja, filamu ikafa, barafu ikabaki kwa samaki. Ami Nassor alitangulia mbele ya haki kabla ya kuona simu inayopiga picha. Sidhani angeipenda. Haimpi mtu nafasi ya kusimulia.

Bi Raya alikuja. Miaka minne baada ya ile kaseti mama yake alifariki, akamzika pale alipotaka kuzikwa, akamaliza matanga, akaja. Siku ya tatu tangu ashuke, Salha alimleta studio, kwa sababu alihitaji picha ya kitambulisho. Walikaa pamoja kwenye benchi la wateja na watoto wawili wa Salha juu yao, na sikuhitaji kuambiwa huyu nani. Meno yale yale.

Nikamkalisha kwenye kiti. Nikamwambia kwa upole kwamba kwa kitambulisho haitakiwi kucheka, mdomo ufungwe. Akaitikia vizuri. Akaufunga. Nilipoinua kamera akaniuliza kama mimi ndiye yule wa kifundo, nikasema ndiye, na mambo yakaharibika. Nikapiga, nikasafisha, wakapeleka ofisini, karani akairudisha, meno yanaonekana. Wakaja tena siku ya pili. Ikarudishwa. Mara ya tatu Salha tulimtoa nje na watoto wake, nikafunga mlango, tukabaki peke yetu. Nikamwambia, "Bi Raya, tafadhali, nisaidie. Fikiria jambo la huzuni. Ile miaka yote bila ya mtoto, fikiria hiyo kidogo tu, dakika moja."

Alijaribu. Nilimuona anajaribu, alikuwa mtu mtiifu. Alitazama sakafu, akatazama mikono yake. Kisha akainua uso.

"Hiyo nimeimaliza kule kule, mwanangu," akasema. "Huku sikuja nayo."

Nikabana viwiko, nikatoa pumzi, nikapiga alivyo. Ofisini nilikwenda naye mwenyewe safari hii. Karani aliishika ile picha, akafungua mdomo aseme, akainua macho akamkuta mwenye sura amekaa mbele yake hivyo hivyo ilivyo kwenye karatasi, mabega yanatikisika. Akaitazama picha, akamtazama yeye, akaitazama tena. Nadhani aliona kwamba kazi yake ni kuhakikisha kitambulisho kinafanana na mwenyewe. Akapiga muhuri.